Milango Miwili ya Jiko

Baba yangu alikuwa mchoraji katika ofisi ya mipango ya Kampuni, ile ya migodi ya shaba, pale Likasi, na kwa mwaka mzima alituhamisha kila jioni kwa penseli. Tukishamaliza kula bukari, ugali wetu, meza inafutwa, karatasi inakunjuliwa, na sisi tunahamia nyumba mpya. "Hapa njo chumba ya batoto," baba anasema, na kabla ya saa ya kulala dada zangu walikuwa wameshagombania dirisha ambalo halikuwa hata na tundu.

Mtaa ule aliouchora ulikusudiwa kujengwa pembeni mwa kijiji kimoja kwenye njia ya Mulungwishi. Kilikuwa kijiji cha mahindi na mihogo. Nyaya za umeme kutoka bwawa la Koni zilipita juu yake bila kukiachia hata balbu moja. Mfumu, mkuu wa kijiji, alikuwa amekubali kutoa ardhi kwa sharti kwamba maji ya bomba na umeme viwafikie pia watu wake. Nyumba zingekuwa nyingi kuliko zile za kijiji chenyewe, na zingekuwa mali ya wafanyakazi. Jambo hilo ndilo lililomnyima mama usingizi. Katika kambi ya wafanyakazi, tulikoishi, nyumba ni ya kazi: mwanaume akistaafu au akifa, mnatoa magodoro nje. Mama alikuwa ameshawaona wajane wameketi juu ya mafurushi yao barabarani, na alipowakumbuka alibadilisha mazungumzo.

Lakini nisimsingizie. Mama hakuitaka nyumba peke yake. Aliitaka pamoja na mama mkubwa.

Mama mkubwa hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuwa jirani yetu wa kambini, mkubwa kwa mama kidogo tu, na kwa sababu mama alimwita yaya, yaani dada mkubwa, sisi watoto tukamwita mama mkubwa kama dada halisi wa mama. Mama yangu ni wa huku, wa upande wa Lufira. Mama mkubwa alizaliwa Likasi, ila baba yake alitoka Kasai kuja kutafuta kazi zamani sana. Naye alimwita mama "mwanetu", yaani ndugu, kwa lugha ya wazazi wake. Walipika pamoja uani, kila mmoja na mbabula yake, jiko la makaa, wakisema kuanzia sombe, majani ya mihogo, inapotwangwa mpaka inapoiva, na sombe, anayeijua anajua, haina haraka. Wakinyamaza, sisi tulijua kuna mgonjwa.

Sasa siku ile baba alipoleta ramani ya kwanza ya nyumba yenyewe, wakubwa wake walikuwa wameweka jiko katikati, kati ya sebule na choo. Wanawake wawili wakaiinamia. Baba akaeleza kwa fahari, penseli mkononi. Mama ndiye aliyeanza.

"Papa, weye unapenda nipike bukari pembeni ya W.C.?"

"Iko cuisine moderne," baba akasema, yaani jiko la kisasa.

"Na moshi itatokea wapi?" mama mkubwa akauliza. "Mu matelas ya kulalia?"

"Na nikikaa mu ile kashimo kusonga bukari, mukono itapiga ukuta. Kiisha nitaongea na nani? Na sufuria?" mama akamalizia.

Walicheka mpaka baba akakunja karatasi yake. Alikuwa mtu wa kununa, baba, na mimi nimemrithi hapo barabara. Lakini kesho yake alikwenda ofisini akayasema yale yale kama mawazo yake mwenyewe, na sijui jinsi alivyoyapamba, lakini ofisi iliamua kwamba wake za wafanyakazi na wanawake wa kijiji waitwe kwenye uwanja wenyewe watoe maoni.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa, kwa lori la Kampuni. Nyumba mbili zilikuwa zimechorwa chini kwa chokaa, vyumba vyote, ukubwa wa kweli. Mhandisi alitembea ndani akifungua milango ya hewa. Wanawake wa kijiji walivuka kuta bila kuomba hodi na kuuliza njia yao ya kwenda kwenye chemchemi imepelekwa wapi, maana ilikuwa imekatwa na sebule. Mhandisi akaandika. Halafu mama na mama mkubwa wakafanya jambo ambalo bado linanichekesha. Walichukua vigoda walivyokuja navyo, wakatoka nje ya nyumba zile, kila mmoja akaketi nyuma ya nyumba yake, mahali alipotaka jiko liwe, wakaanza kuongea. Ya bei ya makayabu, samaki wa chumvi, ya padri mpya, chochote. Kama sauti ilibidi ipande, walisogeza vigoda. Walisogea, wakaongea, wakasogea tena, mpaka wakafika mahali ambapo mtu anaweza kusema mambo ya ndani bila watoto kusikia.

"Hapa," mama akamwambia baba. "Mulango yangu hapa, ya yaya pale. Ziangaliane."

Tatizo ni kwamba nyumba zote zilikuwa na ramani moja, zote zikitazama upande mmoja, kama watu waliopanga mstari. Baba alifikiri njia nzima ya kurudi. Jioni akatoa karatasi ya kunakilia, ile inayopitisha mwanga, akachora nyumba moja na jiko lake la nje, kisha akaigeuza karatasi upande wa nyuma. Mistari ilionekana upande wa pili, na mlango uliokuwa kushoto ukawa kulia. Akaichora hiyo nayo, akaziweka mbili pamoja, milango ya majiko ikakutana uso kwa uso. Mama mkubwa alipiga vigelegele pale pale chumbani kwetu. Ofisini walikubali, na mtaa wote ukapangwa hivyo, nyumba mbili mbili. Baba alipiga vigingi vya viwanja viwili tulivyopewa, chetu na cha mama mkubwa, kwa mkono wake.

Miaka mibaya ikaingia. Askari walipora miji, mashine za kiwandani zikazima moja baada ya nyingine, posho ya unga ikakatika. Ofisi ya mipango ilibaki na meza. Baba aliendelea kwenda kazini kila asubuhi amechomekea shati, na alikuwa akiketi pale akichonga penseli ambazo hazikuwa na la kuchora. Uwanjani nyasi zilimeza chokaa. Vigingi tu ndivyo vilivyobaki.

Kisha likaja neno kwamba watu wenye asili ya Kasai warudi kwao. Sitaandika nani alisema na nani aliimba barabarani. Wengine nawasalimia mpaka leo, na nikianza sitaisha. Ninachoweza kusema ni kwamba mama mkubwa alitolewa kwenye nyumba ya kambi pamoja na mume wake na watoto, wakaenda kituoni kulala kati ya maelfu ya watu waliokuwa wakingoja treni. Mama alikwenda kila siku na sufuria ya sombe kichwani. Watu walimwangalia vibaya njiani. Naye aliwaangalia vibaya zaidi.

Nilikuwa pamoja naye mara ya mwisho. Mama mkubwa alikuwa amekonda, ameketi juu ya sanduku la mashine yake ya kushonea.

"Kule Kasai, mwanetu, minye sijui hata njia ya mayi," alisema. "Nilizaliwaka hapa."

"Utarudia, yaya."

"Nitarudia wapi? Nyumba bamekwisha kuikamata."

"Kwa kiwanja yako, ile parcelle ya vigingi. Minye nitakuchungia."

Mama mkubwa alimwangalia, akatabasamu kidogo, kama mtu anayeombwa na mtoto aseme ndiyo. "Unichungie, basi," akasema. Siku iliyofuata tulikuta mahali pale pamekaa watu wengine. Treni ilikuwa imeondoka alfajiri.

Tulipokosa kabisa riziki ya kuishi kambini, mfumu alituma neno. Mtaa wa Kampuni umekufa, alisema, lakini aliyepewa kiwanja akijenga, kitabaki chake. Asiyejenga, kiwanja kitarudi kuwa shamba la kijiji. Ilikuwa haki, na hata mama alikiri. Baba alifyatua matofali ya udongo wa kichuguu, akayachoma, na msimu mmoja wa kiangazi tukajenga nyumba yetu, vyumba pungufu, bati la kuokoteza. Tulikuwa peke yetu kwenye mtaa ule mkubwa wa nyasi. Jioni baba alituonyesha: hapa ni avenue, pale ni shule, kule ni dispensari. Wanakijiji waliopita na majembe walitwambia bonsoir kwa adabu.

Ugomvi ulikuja kwenye jiko. Upepo pale hutoka upande ule ule wa kiwanja cha mama mkubwa, na mlango ukielekea huko moshi wote unarudi ndani. Baba alitaka kuugeuza utazame barabara.

"Kule hakuna mutu," alisema. "Utaangalia nyasi?"

"Acha mulango pale."

"Moshi itakuua."

"Niliambia muntu nitamuchungia fashi yake ya kukaa. Nitachunga namna gani na mugongo?"

Basi tulipika tukikohoa. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, na macho yangu yalikuwa mekundu hata kanisani, nilinung'unika, sikuficha. Mama hakujali. Alilima viwanja viwili, chetu na kile, ili mfumu asiseme kimelala. Aliyesogeza kigingi alisikia kelele zake mpaka chemchemini. Na kila mfanyabiashara aliyepita akitoka upande wa Kasai alisimamishwa, akapewa maji, akaulizwa: mwanamke mrefu, fundi wa kushona, ana kovu kwenye kidevu, hukumwona? Hakuna aliyemwona. Wengine, kwa huruma, walisema labda. Mama aliishi na hizo labda kwa majuma.

Mimi pia nilimkosa, nisijifanye wa mbao. Nilikosa sauti yake iliyokuwa ikimaliza sentensi za mama. Sasa mama alikuwa akianza kusema jambo pale mlangoni, kisha analiacha katikati, anageuza makaa.

Miaka ya mwisho wa Mobutu ilikuwa imepita, na vijana wengi walikuwa wakienda kwenye mgodi wa Shinkolobwe kuchimba madini kwa mikono bila ruhusa ya mtu, wakati mfumu alipokuja mwenyewe nyumbani. Alikataa kukaa.

"Mama," alisema, "kuko bibi mumoja, bwana yake ni muchimbaji. Banalala mu kanisa na batoto. Minye sina tena fashi ingine karibu na mayi."

"Ile iko na mwenyewe," mama akasema.

"Najua. Lakini hakujenga, mama. Na ni miaka."

Mama alivitazama vile vigingi. "Weye njo mufumu," akasema mwishoni. "Fanya vile unaona."

Walikuja watu wa kanisa la maombi kuwasaidia kujenga, na nyimbo zao na ngoma zao. Yule mume hakujua kupima msingi. Na baba, ah, baba! Mtu akimwomba apime, anasahau kila kitu kingine duniani. Alichukua kamba yake, akatafuta vigingi vyake vya zamani, akawapangia nyumba ile kama alivyoichora, karatasi imegeuzwa, chumba mahali pake na mlango wa jiko mahali pake. Alipoinua kichwa na kumwona mama amesimama akitazama, ndipo alipoelewa. Mama hakumsemesha juma zima. Baba hakujitetea, naye si mtu wa kukaa bila kujitetea.

Nyumba ikapanda. Wakahamia. Asubuhi ya kwanza, tulikuwa tumewasha mbabula, moshi ukitupiga usoni kama kawaida, mlango ule mwingine ukafunguka. Yule mama mgeni akatoka, mtoto mgongoni, kifuniko cha sufuria mkononi, akavuka uwanja mpaka kwetu.

"Mama, jambo yenu. Munisaidie kamoto kadogo. Kiberiti yangu iliguswa na mayi."

Kwetu moto haunyimwi. Ukimpa mtu makaa asubuhi, umempokea. Hakuna neno lingine linalohitajika. Mama aliitazama ile mbabula. Nilidhani ataniambia mimi nitoe. Kisha akachukua kijiti, akachagua makaa mawili yaliyoshika vizuri, akayasukuma juu ya kifuniko. "Chunga upepo," akasema.

Mwanamke yule akashukuru, akarudi, akapuliza, moto wake ukawaka. Akavuta kigoda, akaketi mlangoni kwake akitutazama, akaanza kuongea. Hakupaza sauti, hakukuwa na haja. Aliuliza sombe hapa inauzwa wapi, akasema mtoto amelia usiku kwa meno, akacheka mwenyewe. Mama alimjibu kila swali. Alimjibu kwa adabu, hata akamwelekeza kwa muuza majani. Halafu akanipa mwiko na kuingia ndani.

Nilipomfuata alikuwa ameketi kitandani, uso ndani ya kitenge, analia kama ambavyo sikuwahi kumwona akilia, hata siku ile ya kituoni. Nilikasirika. Nikauliza mwanamke yule amemwambia nini, ili nikamjibu sasa hivi.

"Hapana," mama akasema. "Acha. Iko mama muzuri. Anajua kuongea." Akafuta pua. "Njo sababu ile minalilia."

Nilibaki nimesimama na mwiko unaodondosha uji sakafuni. Kutoka nje sauti ilivuka uwanja, taratibu, ikiuliza kama kwetu kuna chumvi kidogo. Mama alijipangusa macho kwa ncha ya kitenge, kwanza moja, kisha la pili, akainuka, akashika kopo la chumvi.

"Minakuya," akaitikia.