Jumamosi Niliyoamua Kutulia

Ofisini kwetu Mtumba tulipewa semina kuhusu kuishi kwa utulivu. Mtoa mada alisema wengi wetu tunaishi kama tunakimbizwa: mkono mmoja kwenye simu, mwingine kwenye sahani, akili iko kesho. Nilihisi ananisema mimi. Nilirudi nyumbani Nkuhungu nimebadilika, na kama ilivyo kwa kila aliyeokoka juzi, nikawa kero.

Nilipiga mswaki polepole mno, watoto wakachelewa shule wakisubiri bafu. Mke wangu akiniuliza kitu, nilivuta pumzi ndefu kabla ya kujibu.

"Ukivuta nyingine," aliniambia, "nakuacha hapa na pumzi zako."

Sikukata tamaa. Jumamosi moja, yeye na watoto wakiwa sokoni, nilizima simu, nikatandika mkeka uani kando ya mzabibu wetu unaozaa majani tu, nikakaa nimefumba macho kusikiliza upepo. Upepo wa Dodoma hausikilizwi, unamezwa. Vumbi lilinijaa puani na masikioni, nami nikalipokea kwa moyo mweupe, kama nilivyofundishwa.

Geti likagongwa. Sikwenda. Tuliambiwa sauti za nje tuziache zipite kama mawingu. Likagongwa tena, nikaliacha lipite. Kisha nikasikia kuku akilia juu ya kichwa changu.

Nilipofumbua macho, mama mkwe alikuwa amesimama mbele yangu, kuku kwapani, mfuko wa karanga kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametoka Gulwe bila kutuarifu. Alinipigia simu kutoka stesheni hadi akachoka, akapanda bodaboda, wakazunguka Nkuhungu nzima wakiulizia nyumba. Mwishowe akasukuma geti mwenyewe.

"Shikamoo, mama," nikasema, miguu bado nimeikunja.

"Marahaba, baba. Unaumwa?"

"Hapana, mama. Nilikuwa natulia."

Akautazama mkeka, akanitazama mimi. "Wamekufukuza kazi?"

Mchana mke wangu na watoto wakarudi, na mama mkwe akapika ugali na mlenda. Kwa heshima ya Kigogo, mkwe na mama mkwe hawali pamoja, kwa hiyo mimi nililetewa sahani yangu barazani. Nikaona hapa angalau nitakula kwa utulivu, nitafune kila tonge na kulifikiria. Lakini mlenda hautafunwi. Kila nilipojaribu, uzi wake uliniteleza kidevuni hadi kwenye shati, nami nikawa nauchunguza kwa makini. Mama mkwe alikuwa ananiona dirishani. Nikamsikia akimwambia binti yake, bila kupunguza sauti:

"Mumeo anatafuta mchanga kwenye mboga yangu."

Nikafagia sahani, nikaomba nyingine, nikaimeza mbiombio mpaka nikapaliwa.

Jioni, kwa aibu, nikajitolea kumsaidia kubangua karanga. Tulikaa kwenye vigoda, nafasi ya heshima kati yetu, akanisimulia safari yake ya bodaboda: jinsi kuku alivyomdonoa dereva shingoni, dereva akadhani ni yeye, akasimamisha pikipiki katikati ya barabara na kumuuliza, "Bibi, nimekukosea nini?" Nilicheka hadi machozi. Karanga zikawa zinaisha bila mimi kujua. Sikuwaza simu, wala kazi, wala Jumatatu.

Ningenyamaza hapo. Lakini nilipogundua tu kwamba nimetulia, nikashindwa kujizuia.

"Mama," nikasema, "sasa hivi ndiyo nimetulia kwelikweli."

"Vizuri, baba," akajibu. "Ila mikono umeisimamisha."

Alikaa nasi wiki nzima. Kila nikitoka kazini, akinikuta nimekaa kimya alinitafutia shughuli: bawaba ya mlango wa jikoni, banda la kuku, shimo la taka. Sijawahi kuwa na akili iliyotulia namna ile, wala mgongo uliouma namna ile.