Beseni na Kabureta Zake Mbili

Plagi zilikuwa nyeusi tena. Nilizitoa zote nne, nikazipanga juu ya gazeti, nikazikodolea macho kwa hasira ambayo mtu hastahili kuwa nayo kwa vipande vya chuma. Juzi tu niliziacha safi, zina rangi ya udongo mkavu kama plagi zinavyotakiwa kuwa. Sasa masizi matupu, na banda zima lilinuka petroli. Nikajilaumu. Kabureta zile nilizifungua mimi na nikazifunga mimi, kwa hiyo kama zinakunywa kupita kiasi, fundi mbovu ni mimi. Mtu mwingine hata sikumfikiria.

Kigari chenyewe kilikuwa cha spoti, cha viti viwili, hakina paa. Mhandisi mmoja wa barabara, Mwingereza, alikiacha Singida aliporudi kwao baada ya uhuru. Kilibaki kwenye banda nyuma ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, na mwenye duka, kwa kuwa hakujua akifanyie nini, akampa mwanawe. Huyo mwanawe ndiye mwenzangu. Tulilingana umri. Alizaliwa hapo hapo mjini, akajifunzia Kinyaturu kwenye kaunta ya baba yake, na alikijua kiasi cha kubishana bei ya khanga na shangazi zangu na kuwashinda. Mimi nilikuwa fundi kwenye gereji ya malori. Watu wa mjini walikiita kile kigari beseni, wakatuuliza tutafulia nini humo.

Kabureta zilikuwa mbili, pacha. Kila moja inavuta hewa yake na petroli yake, na zikipishana kidogo tu mota inasumbua. Zote zilikuwa zimechoka. Boya moja, lile linaloelea ndani na kufunga petroli ikijaa, lilikuwa limetoboka. Tulilizamisha kwenye maji ya moto, vipovu vikatuonyesha tundu, nikaliziba kwa lehemu. Gasketi tulizikata kwenye katoni ya majani ya chai. Vishimo vinavyoshika mhimili wa kilango cha hewa vilikuwa vimelika, hewa inapenya pembeni, na spea hakuna, si Singida wala Dodoma. Mama yake mwenzangu akatutolea jiko lake la zamani la pampu.

"Kateni," alisema. "Mmenichosha na nyuso zenu za msiba."

Bomba la shaba la jiko lile nikalichonga bushi, vile vipete vya kuvisha mhimili, nikazisugua mpaka mhimili ukazunguka bila kuchezacheza. Mama akaja kutazama jiko lake limeingiaje kwenye gari. Akacheka, akatuletea chai ya tangawizi, na tangu siku hiyo akawa ananiita fundi wangu.

Kusawazisha kabureta mbili ni kazi ya sikio. Unachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza hewa inavyopita. Halafu unahamia ya pili. Zikilia sawasawa, umemaliza. Mwenzangu hakuwa na sikio hilo. Yeye alishika bisibisi, mimi nilisikiliza na kumwonyesha kwa kidole: ongeza, punguza, acha. Siku hiyo nzima hatukusema maneno ya kujaza kikombe. Sijawahi kuelewana na mtu namna ile, na mke wangu analijua hilo wala halimfurahishi.

Mpango wetu ulikuwa gereji. Beseni lingekaa mbele, linang'aa, kila mwenye gari aone tunachoweza, na ukutani pangeandikwa majina mawili, langu na lake. Hilo alilisema yeye, si mimi. Alilisema mara nyingi, mbele ya mama yake, mbele ya watu waliokuja kucheka.

Ndiyo maana baba yangu alipokuja kutoka upande wa Mungaa, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, sikumsikiliza. Nilimwamkia, nikampa kigoda.

"Kijiji kimepata trekta," alisema. Watu wa kwetu walikuwa wamehamishiwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa, na trekta lilikuwa jambo kubwa. "Wanataka mtu anayejua mota. Nimewaambia yupo, mwanangu."

"Baba, nina kazi hapa. Tunafungua gereji na mwenzangu."

"Huyo mwenzako ana pengine pa kwenda. Wewe kwenu ni hapa."

Maneno hayo yaliniudhi. Nilimwambia baba yangu mzazi kwamba hamjui yule mtu na asimseme. Alinyanyuka bila kumaliza maji yake, akaenda kutafuta lori la kumrudisha. Trekta akapewa mwingine. Mimi nikarudi bandani, nikamsimulia mwenzangu, naye akanishika bega akasema, "Umefanya vizuri, ndugu. Hutajuta." Ninaikumbuka sauti yake mpaka leo, na inanichefua.

Tulikijaribu kigari kwenye mteremko wa Sekenke. Tulishuka, tukageuza, tukapanda. Siku za nyuma kiliwahi kukwama pale, kikikohoa, tukasukumwa na wachunga ng'ombe. Safari hii kilipanda kwa sauti moja mpaka juu. Mwenzangu alipiga kelele za furaha njia nzima kuja Kiomboi, nami nilinyamaza nikisikiliza mota, nikiwa na furaha kuliko yeye.

Baada ya hapo ndipo plagi zikaanza kuwa nyeusi.

Mara ya kwanza nikadhani boya limerudi kuvuja. Nikafungua, halivuji. Chini ya kila kabureta kuna nati. Ukiishusha petroli inaongezeka, ukiipandisha inapungua. Nikazikuta zimeshuka. Nikasema labda mtikisiko wa barabara zetu. Nikazipandisha, nikazikwaruza alama kwa msumari, nikampa mwenzangu ufunguo, kwa kuwa jioni alipenda kuzunguka nacho. Nilipofungua tena boneti, alama zilikuwa zimehama. Na zimehama sawasawa, hii na ile. Mtikisiko hauna adabu hiyo. Hapo ndipo nilipozitoa zile plagi nikazipanga juu ya gazeti.

Bado sikuelewa. Wivu wa mtu, nikafikiri, au mtoto wa jirani. Nikaenda kazini kwenye gereji ya malori, na mchana ule likaingia lori la mota ya petroli kutoka Dar es Salaam, linatoa moshi mweusi. Kazi hiyo sisi tuliijua tukiwa tumefumba macho. Huku kwetu ni juu, hewa ni nyepesi, na gari lililorekebishwa pwani likifika Singida linazidiwa na petroli. Unalipunguzia. Likitaka kurudi, dereva anakuomba ulirudishie. Dereva yule alisimama pembeni anajifuta jasho, nami nikatoa plagi ya kwanza, nikaishika mkononi.

Ilikuwa kama plagi ya Beseni. Masizi yale yale.

Nilikaa chini pale pale kwenye mafuta machafu. Dereva akaniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana. Nani Singida alihitaji kigari kinachopumua kama cha pwani? Wahindi wengi walikuwa wanaondoka miaka ile, familia moja leo, nyingine kesho, bila kuaga. Na huko Dar, mwenzangu aliwahi kunigusia, yupo mzungu anayetafuta kigari cha namna ile. Tena aliligusia kama kichekesho. Basi kimeshauzwa. Kinapelekwa tayari, kiwashwe mbele ya mnunuzi na kilie vizuri. Na zile jioni zote alizosema anazunguka tu, alikuwa anajifunza kukirekebisha bila mimi.

Hilo ndilo lililonikata. Kuondoka, aondoke. Hofu ninaielewa, na mzee wake alikuwa na sababu zake za kuwafunga midomo. Lakini mimi nilimfukuza baba yangu kwa ajili yake. Alinitazama nikifanya hivyo, akanishika bega.

Jumapili aliniita. Mama yake alikuwa mlangoni. Nilipomwamkia alijibu akitazama sakafu, wala hakuniita fundi wangu. Chai haikuja.

"Tukipitie kidogo," mwenzangu alisema. "Sikio lako mara moja tu. Mimi siwezi kuzifanya zilie sawa."

Nilichukua mpira. Nikasikiliza hii, nikasikiliza ile. Yeye akashika bisibisi, nami nikamwonyesha kwa kidole, ongeza, punguza, acha, kama siku zote, mpaka zikalia pamoja. Kisha nikainama, nikashika nati za chini mwenyewe, nikazishusha. Nilizishusha kupita alipozifikisha yeye, kwa sababu alikuwa amekosea. Alikuwa mwoga hata kwenye hilo. Nikazipima kama ninavyompimia dereva anayerudi pwani.

Akawasha. Beseni likakohoa, likatoa moshi mweusi hadi uani kwa mama yake.

"Mbona inakohoa?"

"Hapa itakohoa," nikasema. "Ukishuka Morogoro itatulia."

Alikaa na mikono kwenye usukani. Mota ikaendelea kukohoa, na hakuna aliyeizima.

"Ningekwambia," akasema.

"Lini?"

Niliufuta ule mpira kwa kitambaa, nikauweka kwenye kiti cha pili, nikanawa mikono kwa mafuta ya taa, nikaenda zangu.

Waliondoka wiki hiyo hiyo. Nilikuwa chini ya lori nilipokisikia kikipita kuelekea barabara ya Manyoni, na sikutoka kutazama. Kilikuwa kinakohoa vile vile nilivyokiacha, kabureta zote mbili kwa pamoja. Baadaye nilirudi Mungaa, nikaomba kazi kwenye trekta, nikawa namshikia spana yule aliyepewa nafasi yangu. Baba alinisogezea kigoda. Mimi Morogoro sijafika mpaka leo.