Turbo Mbili na Adhana ya Alasiri

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa dereva wa mfanyabiashara wa mifugo hapa Isiolo, mtu aliyewahi kuhiji na ambaye mji mzima ulimwita Haji. Alinunua mbuzi na ng'ombe Oldonyiro na Kulamawe, akawapeleka kwa malori yake kuwauza Nanyuki na mbele ya hapo. Kwa safari zake mwenyewe angetosheka na pikapu kama wenzake, lakini shemeji yake wa Mombasa alikuwa amemtafutia gari dogo la Kijapani, jeupe, la milango minne, lenye neno TURBO limeandikwa kwa rangi nyekundu ubavuni. Haji alilipenda gari lile kama mtu anavyompenda mtoto aliyezaliwa uzeeni. Mimi pia nililipenda, Mungu anisamehe, kuliko inavyofaa kupenda chuma.

Kwa asiyejua, turbo ni kifaa kinachofanana na feni. Moshi unaotoka kwenye injini unakizungusha, nacho kinasukuma hewa zaidi ndani ya injini hiyo hiyo, na injini ndogo inapata kifua cha injini kubwa. Kinazunguka kwa kasi isiyosemeka na kinapata moto mkali sana. Kinachokilinda ni oili tu.

Gari jingine la namna hiyo mjini kwetu lilikuwa moja, nalo lilikuwa la Kimarekani. Mwenyewe alikuwa Mmarekani mrefu, mchimbaji wa visima, aliyekaa upande wa Burat. Alilileta kwa meli kutoka kwao, dogo kwa kipimo cha Wamarekani, usukani ukiwa kushoto. Dereva wake alikuwa Mmeru, shemasi wa kanisa lake, mtu mnene mwenye sauti ya kuimba hata anaposalimia. Mimi nilimwita Shemasi. Yeye aliniita Maalim, kwa sababu nilisoma duksi, chuo cha Qur'ani, hadi nikahitimu msahafu, na jioni niliwasomesha watoto wa majirani.

Tulikutana kwenye kituo cha petroli karibu kila siku, na mazungumzo yetu yalikuwa ni hayo hayo.

"Maalim, hiyo gari yako nimeisikia tangu kambi ya jeshi. Inalia kama mbuzi ameona kisu."

"Inalia ikienda, Shemasi. Yako inalala mpaka uikanyage mara mbili."

"Hii ni dume. Dume haiamki haraka. Lakini ikiamka, toka njiani."

Na kweli, kwa haki ya Mungu, alichosema hakikuwa uongo. Gari la Kimarekani lilichelewa kuamka. Ulikanyaga, ukangoja, ukadhani hakuna kitu, halafu likakusukuma mgongoni hadi kofia ikaanguka kiti cha nyuma. La Kijapani lilikuwa jepesi, liliitika upesi, na kwenye kona liliganda barabarani. Kwa upande mwingine lilikaa chini mno, na kila safari ya Oldonyiro tulirudi na alama mpya ya jiwe tumboni. La Kimarekani lilikunywa petroli bila aibu, na jua letu lilikuwa limeipasua dashibodi yake kutoka pembe hadi pembe. Tena nati zake zilikuwa za kipimo cha inchi. Fundi wetu, Mturkana aliyekuwa na gereji nyuma ya soko, alikuwa na spana za milimita peke yake. Likiharibika kitu kidogo, Shemasi ilimbidi amsubiri bwana wake afungue kisanduku cha spana alichokuja nacho kutoka ng'ambo. Langu lilifunguliwa na yeyote.

Kwa miaka miwili ubishi huo ulikuwa mchezo. Halafu turbo ya gari langu ikafa.

Ilianza kwa mluzi, ukafuata moshi wa buluu, kisha nguvu zikaisha mlimani. Haji alilalamika kidogo, akaagiza nyingine kutoka Nairobi, ikafungwa. Mwaka haukuisha. Siku moja tukipanda kwenda Timau, pale ambapo upepo wa baridi unaanza kuingia dirishani, nikasikia tena ule mluzi. Nikatazama kwenye kioo nikaona moshi. Haji alikuwa ameketi nyuma, akageuka akautazama muda mrefu.

"Ni ile tena," akasema.

"Ni ile, Haji."

Nikalipandisha gari polepole hadi Nanyuki.

Wiki hiyo hiyo ikajulikana kwamba Mmarekani amemaliza mkataba wake na anauza gari. Haji akaomba kulijaribu. Tulipanda kilima cha Timau, Shemasi akiendesha na Haji ameketi mbele upande wa kulia, nami nyuma nikiwa abiria. Likapanda kama barabara ni tambarare, kila lori tulilolikuta tukaliacha. Tatizo lilikuwa moja. Kwa kuwa usukani ulikuwa kushoto, Shemasi hakuona mbele ya lori hata kidogo.

"Haji, nitoke?" akauliza.

"Ngoja. Kuna basi."

"Sasa?"

"Sasa toka. Toka, toka, usingoje nimalize kusema."

Tuliporudi Haji alishuka akajifuta jasho. "Nimekaa kiti cha dereva leo bila usukani," akasema. Lakini alikuwa anatabasamu, na mimi nilijua tabasamu lile lina maana gani.

Jioni yake aliniita akanieleza bila kuzunguka. Gari la Kijapani limekula turbo mbili. La Kimarekani, linaloendeshwa barabara hizo hizo na vumbi hilo hilo, halijala hata moja. Alhamisi ya wiki iliyofuata angekwenda kwa Mmarekani kulinunua, na la Kijapani angeliuza. Na kwa kuwa gari la usukani wa kushoto lina mtu aliyelizoea, angemchukua na dereva wake.

"Wewe umenitumikia vizuri, Maalim," akasema. "Lakini gari moja halina madereva wawili."

Nilikuwa na mke, watoto watano, na mama yangu mzee aliyekaa nasi. Nilisema alhamdulillahi, kwa kuwa nilifundishwa kuisema katika hali zote. Lakini siku ile ilitoka kwa shida.

Nilibaki na siku chache za kazi. Siku ya Ijumaa Haji alinituma Kulamawe kupeleka ujumbe kwa wafugaji, nikaambiwa niende polepole kwa sababu ya turbo. Kule, baada ya swala ya Ijumaa, nikamkuta Shemasi. Bwana wake alikuwa na kisima cha mwisho cha kukamilisha, akabaki na gari, naye Shemasi alitaka kurudi mjini. Nikampa kiti. Tuliongea habari za watoto, hatukugusa habari ya kazi. Alijua ninalojua.

Kurudi, nilisahau polepole. Alasiri ilikuwa inakaribia nami nilitaka kuiwahi swala ya jamaa msikitini. Nikakanyaga, vumbi likasimama nyuma yetu, moshi wa buluu ndani ya vumbi. Tulipofika nyumba za kwanza za mji, muadhini akaanza. Nikazima injini pale pale, gari likaserereka lenyewe hadi ukingoni mwa barabara, likasimama.

Inanibidi nieleze desturi hiyo. Mwalimu wangu wa duksi alitufundisha kunyamaza adhana inapotolewa. Tuliacha kusoma, tuliacha hata kukuna ngozi, tukawa tunaitikia kimoyomoyo. Nilipokuwa dereva niliona kelele ya injini nayo ni mazungumzo ya aina yake, nikawa naizima. Sikuzima redio tu kama wengine. Wenzangu waliniona, wakaiga. Kuna wakati ukisimama karibu na msikiti wa sokoni, adhana ikianza, ulisikia malori yakinyamaza moja baada ya jingine, na moyo wangu ulifurahi kwamba jambo lile lilianza na mimi. Malori yale hayakuwa na turbo.

Adhana ilipokwisha nikawasha tena, nikaenda kuswali. Niliporudi nilimkuta Shemasi amesimama mbele ya gari, kiganja chake juu ya boneti.

"Hii kitu unafanyanga kila siku?" akauliza.

"Kitu gani?"

"Kuzima tu hivyo. Gari imetoka mbio, imewaka moto, unazima."

"Kila adhana nikiwa barabarani. Ni heshima."

Akaondoa kiganja kwenye boneti. Akachukua mkoba wake, akanishukuru kwa safari, akaenda zake kwa miguu. Nilidhani nimemkera kwa kumweka akingoja.

Jumapili mchana nilikuwa gereji. Fundi alikuwa ameifungua turbo ili tuone kama kuna cha kuokoa. Shemasi akaja kutoka kanisani akiwa na suti yake nyeusi na viatu vilivyopakwa rangi, akasimama mbali kidogo na grisi.

"Maalim, nilitaka kunyamaza," akasema. "Wacha nikuambie ukweli. Nimekaa kanisani leo, watu wanaimba, mimi naona gari yako tu."

"Sema, ndugu yangu."

"Bwana yangu, siku ya kwanza kunipa funguo, aliniambia kitu moja. Ukitoka mbio, usizime. Wacha injini ingurume polepole dakika mbili, tatu, oili ipitepite kwa turbo mpaka ipoe. Ukizima ikiwa moto, oili inasimama ndani na inaungua. Mimi sijawahi zima mbio. Hiyo tu ndio siri. Sio Amerika, sio Japani."

Fundi hakusubiri. Akakitoa kibomba chembamba kinachopeleka oili kwenye turbo, akakichungulia kwenye jua, akachokoa kwa waya. Kikatoka kitu cheusi kigumu, kama ukoko wa sufuria uliosahauliwa motoni. Tulikitazama sote watatu.

"Shemasi," nikasema, "ukinyamaza unapata kazi."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Si nimekuambia nilikuwa kanisani?" Akatazama viatu vyake. "Na usinishukuru sana. Ijumaa nilienda nyumbani nikanyamaza siku mbili nzima."

Alipoondoka, fundi akafuta mikono na kunipa shauri. "Mwambie Haji oili ilikuwa mbaya. Oili mbaya inafanya hivi hivi. Atabadilisha oili, wewe utabadilisha tabia, na gari itapona. Nani atajua?"

Lilikuwa shauri rahisi, na sitasema halikunivuta. Nikisema kweli, mtu aliyeua turbo mbili za bwana wake ni mimi, na bwana huyo ana haki ya kunifukuza siku hiyo hiyo. Lakini mtu mwenye shida kama yangu alikuwa ametoka kuniambia kweli akiwa na suti ya kanisani. Mimi nilisomesha watoto wa watu Qur'ani.

Siku ya Jumatatu baada ya adhuhuri nilimkuta Haji kwenye baraza ya duka lake, chai ya maziwa ya ngamia mbele yake. Nikauweka ule ukoko kwenye kipande cha gazeti juu ya meza, nikamweleza kuanzia mwalimu wangu wa duksi hadi Shemasi. Sikuacha kitu. Haji aliugusa ukoko kwa kidole, akakitazama kidole chake.

"Kwa hivyo mimi nimepoteza turbo mbili kwa sababu ya adhana," akasema.

"Kwa sababu yangu, Haji. Adhana haikuniambia nizime injini. Niliongeza mwenyewe."

"Na malori yangu nayo yanazimwa kwa ajili yako?"

"Wameiga."

Alikunywa chai hadi nusu ya kikombe.

"Na yule Mmeru alikuambia mwenyewe, bila kuulizwa?"

"Mwenyewe."

"Akijua mimi nataka kumwandika?"

"Akijua."

Haji akacheka, kicheko cha chini kisichotoa sauti, mabega tu yakitikisika. "Astaghfirullah," akasema. "Ninyi wawili mmenifungia mlango. Nikikufukuza wewe, namfukuza mtu aliyesema kweli. Nikimwacha yeye, ni hivyo hivyo." Kisha akaniambia niagize turbo ya tatu, na hiyo nikiiua nisirudi kumletea hadithi.

Alhamisi hakwenda Burat. La Kimarekani lilinunuliwa na mtu wa Nanyuki ambaye, nasikia, alisumbuka na spana za inchi hadi akachoka. Nilipoulizwa miaka ile lipi bora, nilijibu kwamba kwa nguvu za mlimani ningechukua la Kimarekani, na kwa kuishi Isiolo, ambako fundi yuko nyuma ya soko na dereva ni mtu kama mimi, ningechukua la Kijapani. Turbo ya tatu ilikaa hadi Haji alipoliuza gari lenyewe, nayo ilikuwa bado inavuta.

Mimi nilijifunza kuondoka Kulamawe mapema. Nilifika nje ya mji kabla ya wakati, nikaiacha injini ingurume polepole huku nikisoma nyiradi, kisha nikaizima kwa utulivu na kuingia msikitini nikiwa na udhu na pumzi yangu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeiheshimu adhana nikiwa mtu aliyechelewa. Namshukuru Mungu kwamba alinivumilia.

Shemasi naye aliitwa na Haji, akapewa lori la kupeleka mbuzi Nanyuki. Nilikuwepo walipokubaliana.

"Jumapili siendeshi," Shemasi akasema.

"Soko la mbuzi halijui Jumapili."

"Litajua, Haji. Wewe saa ya swala ya Ijumaa unaendesha?"

Haji akanitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyemfundisha mtu huyu kujibu hivyo. "Haya," akasema, "Jumapili kaa na Mungu wako. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi uwe hapa."

Saa kumi na mbili Jumatatu nilimkuta tayari ameketi ndani ya lori. Injini ilikuwa inanguruma polepole, naye anaimba.