Uso wa Bi Cadija Ndani ya Mchezo

Miaka ile watu walipoanza kumiminika Palma, mji wetu wa pwani, kutafuta kazi za gesi, binamu yangu Wahida alikuwa anafanya kazi katika duka la fotokopia karibu na soko. Asubuhi foleni ilitoka hadi barabarani: vijana wa Nhica, wa Quiterajo, wengine wametoka Pemba, kila mmoja na bilhete yake ya utambulisho mkononi, wakitaka nakala za kupeleka mahali ambako wengi wao hawakujibiwa. Baada ya adhuhuri duka lilitulia. Hapo Wahida aliketi mbele ya kompyuta ya patrão wake, Zacarias mwenye duka, akachora.

Alichora picha za michezo ya kompyuta. Si ile mikubwa ya makampuni, bali midogo, ambayo mtu mmoja huitengeneza chumbani kwake bila hela. Watu hao wana ukumbi wao mtandaoni. Mchoraji huweka picha, mpigaji huweka muziki, na yeyote huchukua bure. Anachopata aliyetoa ni maoni: mkono huu mfupi, rangi hii imepauka, ngoma hii inachosha ikirudiwarudiwa. Wahida hakufundishwa kuchora na mtu. Maoni ndiyo yaliyomfundisha, naye aliyatoa kwa wenzake kama anavyosema siku zote, bila kuzunguka. Mimi nilimtafsiria kwa Kiingereza, maana nilikisoma chuoni Nampula.

"Umemwambia mti wake unafanana na ufagio?" aliniuliza.

"Nimeandika kwamba matawi yanahitaji kazi kidogo."

"Andika ufagio. Mtu atajuaje?"

Siku moja alimwendea Bi Cadija, shangazi yake, kiongozi wa kikundi cha tufo, ngoma ya wanawake, katika bairro, mtaa wetu, akamwomba akae amchore. Bi Cadija hakuja peke yake. Walikuja wanawake wote wa kikundi kama wanaokwenda harusini, wamejifunga vitambaa vya capulana vya sare, nyuso zao zimepakwa msiro, ule mti unaosuguliwa kwa maji juu ya jiwe hadi ukatoa uji mweupe. Mwanamke wa kwetu akitaka kupendeza hujipaka huo. Wahida aliwachora mmoja mmoja. Sumaia, mpigaji wa dufu, alipiga, na simu ikarekodi.

"Sasa haya yanakwenda wapi?" Bi Cadija aliuliza.

"Kwa watu wanaotengeneza michezo, shangazi. Wayatumie."

"Bure?"

"Bure."

"Haya. Hata sufuria yangu kubwa inazunguka bairro zima, sijamtoza mtu."

Ukumbi ule ulimtaka Wahida achague masharti. Akachagua ruhusa iliyo pana kuliko zote: yeyote, kwa kazi yoyote. Hakuona cha kuongeza. Kwetu ukiwa na shughuli unaazima sufuria, mikeka, hata mlango wa kulazia maiti, na hulipi. Lakini sufuria huirudishi na masizi. Unaisugua kwa mchanga mpaka inang'aa kuliko ulivyoichukua, na asiyefanya hivyo haazimwi tena. Hakuna aliyewahi kuliandika hilo. Nani angeliandika?

Mvua za mwaka huo zilikuwa zimekwisha wakati kijana mmoja wa nchi za mbali, ambaye jina lake la ukumbini lilikuwa herufi na namba tu, alipoleta mchezo wake na kuomba maoni. Wahida aliufungua kwa furaha, kwa sababu dufu lilikuwa la Sumaia. Lakini lilikuwa limepunguzwa kasi mpaka likawa kama mtu anayegonga jeneza kutoka ndani. Mchezaji ni mchimbaji mwenye kofia ngumu. Ametumwa pwani fulani ya Afrika kutafuta gesi, na pwani hiyo ina mizimu: wanawake wenye nyuso nyeupe, wanaotoka majini kumzuia. Akiwapiga risasi wanapasuka, na gesi inatoka miilini mwao. Mzimu mkubwa, wa mwisho, ulikuwa na uso wa Bi Cadija. Hata kovu la kidevuni, ambalo Wahida alilichora kwa mapenzi, lilikuwepo.

Chini yake watu walikuwa wamekwisha kutoa maoni. Mmoja alisema mizimu inatisha vizuri. Mwingine aliona wanapaswa kufa polepole zaidi, ili mchezo uwe na ladha. Walisifu taa. Watu wapole, wenye adabu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hawa ni akina nani.

Wahida aliandika kwamba huyo ni shangazi yake, yu hai, na weupe ule wa usoni ni mapambo. Jibu lilikuja upesi: aliyesema bure kwa kazi yoyote ni yeye mwenyewe. Na ilikuwa kweli. Hapo ndipo hasira ilipozidi, kwa sababu hakuwa na pa kuishika ile kweli akaivunja.

Alitaka kumwondoa shangazi yake mle kabla bairro haijajua. Lakini Zacarias alikuwa ameuona mchezo, akacheka, akasimulia sokoni. Kesho yake, nami nikiwa dukani, Bi Cadija aliingia na Sumaia nyuma yake.

"Nionyeshe."

"Shangazi, si kitu cha kuona."

"Sokoni wamekwisha kuniona. Mimi ndiye nisione?"

Wahida akaufungua. Bi Cadija alitazama akiwa amesimama, mkoba kwapani. Uso wake ukapasuka kwenye kioo, na gesi ya buluu ikatoka.

"Nimekufa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na yule mwenye kofia?"

"Anapewa alama."

"Yule namjua," alisema Sumaia. "Si ndiye aliyekuja na watu wa gesi akapiga kigingi shambani kwako, Bi Cadija?"

"Yule alikuwa na heshima. Aliniita mama, akaniambia amekuja kusikiliza maoni yangu. Nikampa. Akaandika, akapiga kigingi palepale." Akanigeukia. "Wewe unayejua Kiingereza. Huyu naye anataka maoni?"

"Anataka."

"Basi andika. Mimi Cadija nimeuona mchezo wako. Umeazima uso wangu ukaupikia uchafu. Usugue, uurudishe. Na usiweke maneno ya chuo."

Niliandika vilevile. Sikuongeza "tafadhali."

Siku chache baadaye kijana akajibu. Alishukuru kwa maoni, akasema anathamini sana sauti za wenyeji, na kwamba amerekebisha. Tulifungua. Kovu lilikuwepo, macho yalikuwepo, dufu lilikuwepo. Nyuso alikuwa amezipaka kijani.

Wahida alifuta picha zake zote ukumbini, moja baada ya nyingine, hata samaki, hata milango, ingawa alijua zilizokwisha kuchukuliwa hazirudi. Kisha akamfuata Bi Cadija nyumbani, akamwambia jinsi ilivyo. Uso wake utabaki mle.

Bi Cadija alikuwa anachambua mchele. "Harusi ya Ijumaa njoo," alisema. "Simu utaiacha nje, na viatu."

Ijumaa hiyo Wahida alikwenda harusini na picha moja ambayo hakuwa ameiweka popote, Sumaia na dufu lake, iliyochapwa kwa rangi dukani. Ni kazi yake nzuri kuliko zote nilizoziona. Alimkuta Sumaia uani anasugua msiro juu ya jiwe, akamnyooshea picha.

Sumaia hakuipokea.

"Kiasi gani?"

"Bure."

"Bure ya wapi? Ya kwetu au ya kule?"

"Ya kwetu."

Sumaia, bado na hasira, alijifuta mikono kwenye capulana, wa kulia na wa kushoto, mpaka ikakauka, ndipo akaichukua.