Mvuke wa Matoke na Mwandishi Asiyejulikana

Shule niliiacha darasa la tatu, na vyumba vyangu vya kupangisha hapa mtaani Kamwokya nilivijenga bila kumbembeleza mtu. Kusoma, binti yangu hunisomea. Asubuhi, ukungu ungali umelala bondeni, tulikuwa tunakaa barazani na chai, naye ananisomea blogu yake kwenye simu. Watu wa mtaa wote waliisoma. Mwandishi ni nani, hawakujua. Nilijua mimi tu. Nikifumba macho, mtaa unapita polepole kama ndotoni: mabati yenye umande, redio ya mbali, mtu anapiga mswaki mlangoni. Aliandika pia juu ya wakubwa waliokula saruji ya mfereji. Hapo nikamwambia ajifiche vizuri.

Siku moja akanisomea habari za mama anayeuza matoke pale kona. Aliliona sufuria lake jioni. Asubuhi ni lile lile, na majani ya mgomba yale yale. Akaandika kwamba mama huyo anawalisha watu chakula cha jana.

"Ulimuuliza?"

"Baba, hii ni blogu, si gazeti."

"Sikuuliza ni nini. Ulimuuliza?"

Akazima simu.

Wiki ile benchi za yule mama zilikaa tupu. Nilimkuta anachochea moto, mvuke unapanda, unapotea juu ya mabati, na mlaji hakuna. Sufuria lile ndilo linalosomesha watoto wake. Nikarudi nyumbani nikamwambia binti: "Kwa wakubwa jifiche. Huyu atakufanya nini? Vaa viatu."

Tukaenda.

"Mama," binti akauliza, "haya matoke ni ya jana?"

Yule mama akacheka bila furaha. "Nyie watu wa posho, mliozoea ugali! Nayafunga jioni, yanalala motoni mpaka asubuhi, yawe mekundu, laini. Hata ya harusi tunapika hivyo. Nani kakwambia ni ya jana?"

Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi. Kwetu posho inasongwa, inaliwa, basi. Hata mimi sikujua.

Binti akainama karibu naye. "Ni mimi niliyeandika."

Yule mama akaliweka chini kaa la moto alilolishika kwa koleo. Akamgeukia binti.

"Jina lako sitalitaja, wale wa saruji wasije wakakupata. Lakini leo hii utaandika kwamba ulikosea. Na sasa hivi kaa hapo mbele, benchi ya barabarani, watu wakuone unakula."

Akakaa. Majani yakafunuliwa, mvuke ukatoka mzito na mweupe, ukamfunika binti yangu mpaka nikawa simwoni kabisa. Nikasimama pale kama mtu aliye usingizini. Yule mama akachukua kifuniko, akaupepea kando, uso ukatokea. Akampakulia sahani.

"Kula, nyabo," akamwambia, kama anavyomwita kila bibi mteja.

Mtu wa bodaboda akapunguza mwendo, akaitazama ile sahani, akazima pikipiki.