Kichupa cha Maiti Kilipoanza Kuchapa Kazi

Jamani, mmewahi kuona maiti akifanya kazi na mzima amelala? Mimi nimeona kwa macho yangu haya mawili, saa nne asubuhi, tena ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole chako cha mwisho.

Msikimbie. Si habari ya uchawi. Ingekuwa uchawi ningelala vizuri.

Mimi ni fundi wa maabara. Miaka kumi na minane mahali pamoja, chini ya Profesa mmoja, mama mkali mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine imesahauliwa kichwani. Funguo za friza nazifunga kiunoni. Wanafunzi wananiita Dada Barafu.

Mwaka ule tulimpokea mwanafunzi wa uzamivu. Tukamwita Ticha, kwa sababu alikuwa ameacha kazi ya kufundisha sekondari ili aje kusoma.

Wakwe zake walimcheka mpaka basi. Mwanaume mzima, mke ana mimba, ati anakwenda kusoma mizizi!

Na kweli alisoma mizizi. Alitaka kujua kwa nini mche ukiwa kwenye udongo wa chumvi mizizi yake inagoma kukua. Ndani ya seli za mmea kuna kimeng'enya kinachotoa amri: gawanyika. Bila amri hiyo mzizi haurefuki. Ticha alikuwa anapima chumvi inakifanya nini.

Huwezi kukikamua kwenye mizizi ukapata cha kutosha. Jeni yake inachukuliwa kwenye mmea, inapandikizwa kwenye bakteria, na bakteria ndio wanaokitengeneza. Sisi tulikuwa tunakiagiza kikiwa tayari, kinafika kwenye sanduku la barafu kavu.

Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa hii. Nayeyusha kichupa kimoja, nakigawa kwenye viwili. Kimoja nakiacha hai. Kingine nakichemsha mpaka kimeng'enya kinakufa.

Kilichokufa ni cha kulinganishia. Mashine ikionyesha cha hai kinafanya kazi na cha maiti kimya, unajua vipimo vyako ni vya kweli.

Kwenye kifuniko cha kwanza naandika H, cha pili M. Kisha nafungua vyote, naongeza maji yenye dawa, nafunga, namkabidhi Ticha.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri mno. Profesa akapeleka ripoti kwa wafadhili waliokuwa wanamsomesha Ticha.

Halafu msaidizi wangu akahamishwa, kazi zote zikaniangukia mimi, na balaa likaanza.

Jumatatu, sawa. Jumanne, H kimya kabisa, M inachapa kazi. Jumatano, sawa tena. Alhamisi, maiti kafufuka.

Ticha akanifuata kwenye meza yangu, anajikuna shingo.

"Dada, samahani. Hivi tusingeandika ubavuni mwa kichupa, badala ya kwenye kifuniko?"

"Kwa nini?"

"Basi tu. Kwa usalama."

"Wewe umekuja jana, leo unanifundisha kazi?"

Akacheka kidogo, akarudi kwenye kiti chake. Kwangu hakuligusia tena.

Profesa alipoziona namba hizo aliamua kurudia mwenyewe, kwa vichupa nilivyomwandalia. Vikatoka kinyume. Akaishusha miwani ya kichwani, akagundua anayo nyingine machoni, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kucheka.

"Huyu kijana ametupikia namba," alisema. "Zile nzuri za mwanzo alizitunga."

Kesho yake akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Vichupa unaviandaa mwenyewe?"

"Mwenyewe, Profesa."

"Inawezekana ukawa unakosea wewe?"

Nilijisikia vibaya, nisiwafiche. Mimi? Mimi niliyewafundisha maprofesa wengine kushika pipeti?

"Profesa, miaka kumi na minane," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu kwenye karatasi. Ijumaa Ticha akafukuzwa, na ufadhili ukakatwa.

Alikuja kuniaga amebeba boksi moja. Nilimpa mkono bila kumtazama usoni. Nilikuwa na hasira naye, nikamwona kama mwizi aliyeniharibia jina la maabara yangu.

Wiki tatu zikapita.

Asubuhi moja namwandalia Profesa vipimo. Niko peke yangu. Mashine ikasoma, namba zikaja kwenye kioo.

H kimya. M inachapa kazi.

Ticha hayupo, sasa nani kafanya?

Kesho yake niliegemeza simu yangu kwenye boksi la glavu, nikairekodi mikono yangu mwenyewe. Jioni nikajifungia stoo, nikaangalia.

Mkono unafungua H, unaweka kifuniko kwenye karatasi laini. Unafungua M, unaweka kifuniko pembeni yake. Unaongeza maji ya dawa. Mtu ananisalimia mlangoni, nageuka kumjibu. Kiwiko kinavuta karatasi, vifuniko vinazunguka.

Na mkono wangu, bila wasiwasi wowote, unachukua kifuniko kilicho karibu.

Nilirudia ile video mara tisa, huku nalia. Ule mkono haukusita hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

Kulipokucha nilikwenda kwa Profesa, kabla hajavua koti. Nikamwonyesha. Nilitegemea matusi, au barua ya kunifukuza.

Akafungua droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili.

Ilikuwa barua ya Ticha. Tarehe yake ni siku moja kabla sijaitwa ofisini.

*Profesa, nadhani vifuniko vinabadilishana. Nimemwona dada mara mbili. Naomba usimwadhibu, ana kazi nyingi na hana msaidizi. Tuandike tu ubavuni.*

"Nilidhani anajitetea kwa kukusingizia," Profesa alisema. "Ndiyo maana nilikuita nikakuuliza. Ukanitajia miaka."

Siku hiyohiyo aliwaandikia wafadhili. Wakajibu kwa upole kwamba wanasikitika, nafasi ameshapewa mwingine.

Nikampigia Ticha. Nyuma yake nikasikia kelele za watoto wa shule.

"Dada! Za siku nyingi?"

Nikamweleza yote mpaka mwisho. Niliomba msamaha kwa kigugumizi, mimi nisiye na kigugumizi.

Akauliza, "Ulipoulizwa siku ile, ulifikiria hata dakika moja kwamba huenda ni wewe?"

"Hapana."

"Basi hukunisingizia, dada. Nimekuelewa." Akavuta pumzi. "Ila ningeweza kumsamehe mtu aliyenisingizia. Wewe hata hukunifikiria. Nina kipindi, watoto wananingoja."

Akakata.

Mke wake alishajifungua. Nilisahau hata kumuuliza ni mtoto gani.

Wasomaji wangu, siku hizi tunaandika ubavuni, na vipimo vimetulia. Zile namba nzuri za mwanzo zilikuwa za kweli zote. Makala ya utafiti ule imechapishwa na jina la Ticha liko mbele, lakini yeye anafundisha kidato cha pili.

Funzo langu ni moja, na nimelinunua kwa maisha ya mtu mwingine. Siku ukiulizwa kama umekosea, usijibu kwa kutaja miaka uliyofanya kazi. Sema "ngoja nikaangalie", halafu nenda ukaangalie kweli. Mimi ningetumia asubuhi moja tu.