Paka wa Bi Rukia na Ndiyo Zangu Nyingi

Nakumbuka siku moja pale Biharamulo mjini, barazani kwa Bi Rukia, tulikuwa wanne. Bi Rukia mwenyewe, mke wa Mzee Salimu muuza vitambaa, watu wa asili ya Tanga. Zuhura, mtoto wa dada yake, aliyeshika mabegi. Bibi Nyamwiza, Msubi, mwenyeji wa pale, jirani wa ua kwa ua. Na mimi, binti kutoka kijiji cha Kasulo, niliyeletwa na shangazi Skolastika kulinda nyumba wakienda harusini Tanga wiki mbili. Wa tano ni Marjani, paka mweupe. Huyo, mwanangu, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba hasa.

Bi Rukia akaagiza. Dagaa wa Marjani wachemshwe, watolewe vichwa. Maji yake yabadilishwe asubuhi na jioni. Asitoke nje hata ukucha. Na madirisha yawe wazi mchana kutwa, nyumba isivunde.

Nikayatazama madirisha. Hayana wavu. Nikajua maagizo haya mawili hayapikiki chungu kimoja. Lakini kwetu binti akiagizwa na mkubwa hupiga goti akaitika. Kuuliza tena ni kama kumwambia hakusema vizuri. Kwa kila agizo nikaitika, "Ndiyo, mama." Bibi Nyamwiza akanitupia jicho.

Siku ya tatu Marjani hayupo! Nilimtafuta siku nne, uvunguni, darini, hadi sokoni, kimya kimya, nisimuulize mtu. Shangazi Skolastika alikuwa amenidhamini kwa jina lake. Ningepoteza paka, ningempotezea na jina. Nikawaza la kijinga. Sokoni kulikuwa na paka mwingine mweupe. Nikaenda kwa Bibi Nyamwiza.

"Shikamoo bibi. Naomba kikapu."

"Marahaba. Cha kubebea nini?"

Nikamweleza yote, hata ujanja wangu. Alicheka mpaka kilemba kikamwanguka.

"Yule wa sokoni anayepigana na mbwa? Bi Rukia akimpakata, yowe litasikika Tanga! Nawe utaitika nini, ndiyo?" Kisha akatulia. "Mjukuu wangu, siku ile ulitoa ndiyo ngapi? Na ngapi ulijua hazina kitu ndani?"

Akanishika mkono hadi jikoni. Kando ya mafiga, Marjani kalala, tumbo kama ngoma. Kumbe vile vichwa vya dagaa nilivyowarushia kuku wa bibi juu ya ua, Marjani alivifuata kwa kupitia dirishani.

"Siku nne nangoja uje kuuliza," bibi akasema. "Paka umempata. Bado kumpa Bi Rukia ukweli."

Bi Rukia aliporudi nikapiga goti. "Shikamoo mama. Marjani alitoka. Niliona dirisha na agizo havipatani, nikaogopa kusema."

Akafungua mdomo afoke. Papo hapo Marjani akapita dirishani mbele ya macho yake, akaelekea kwa Bibi Nyamwiza bila hata kuaga. Mzee Salimu akaangua kicheko. Bi Rukia akajikaza, akashindwa, akacheka naye. "Basi dirisha hilo lifungwe. Na vichwa vyake apewe." Safari iliyofuata, funguo alinipa mimi.

Mwanangu unayelinda nyumba na mbwa wa watu leo, huko Nyamiaga au Nyakanazi, nasikia matajiri wenu wanataka picha ya mbwa kila saa kwenye simu. Wavumilie, mtu aliye mbali na kwake ana hofu, na hofu ndiyo inayoagiza mno. Lakini heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Agizo usiloliweza, liseme kwa adabu kabla ya safari, mwenye nyumba akiwa bado mlangoni. Na likiharibika, alisikie kwako kwanza, asilisikie kwa jirani. Goti halizuii swali, mwanangu. Piga goti, uulize.

Mungu akupe funguo za watu wema, na mbwa wenye usingizi.

Kama aliyeshika mabegi hakuwa Zuhura bali mdogo wake Mwajuma, walio hai wanisahihishe. La paka nina hakika.